Sherehe ya Siku Tatu, Deni la Miaka Mingi



Dominika moja, baada ya mkutano wetu wa kikundi, mabishano yalizuka chini ya mwembe ulio kando ya kanisa. Kijana mmoja alikuwa akiwaonyesha wenzake picha za magari ya Formula 1 kwenye simu yake. Akasema kwa uchungu: “Afrika nzima haina hata shindano moja la namna hii. Siku mji wetu utakapolipata, hoteli zitajaa, vijana watapata kazi, serikali itavuna kodi. Pesa huzaa pesa.” Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, wala sikupata nafasi ya kueleza sababu, kwa kuwa mvua ilitutawanya. Maandishi haya ni jibu langu kwake na kwenu nyote.

Kijana yule hakusema uongo juu ya Afrika. Formula 1 ilishindaniwa mara ya mwisho katika bara letu mwaka 1993, huko Kyalami, Afrika Kusini. Mwezi wa Desemba 2024, Rais Paul Kagame alitangaza mjini Kigali, mbele ya wakuu wa shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwamba Rwanda inaomba kuwa mwenyeji. Afrika Kusini nayo iliunda kamati ya kutafuta nafasi hiyo hiyo. Tarehe 25 Februari 2023, Cape Town ilifunga barabara zake za mtaa wa Green Point ili kupokea mbio za magari ya umeme ziitwazo Formula E. Msimu uliofuata mji huo haukuwamo tena katika kalenda.

Sisi Wakongomani tunakumbuka pia kwamba Februari 2025, baada ya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa M23, waziri wetu wa mambo ya nje aliwaandikia wakuu wa Formula 1 akiwataka waache mazungumzo na Kigali. Hoja yake ilikuwa ya damu ya watu, na hakuna hesabu ya fedha inayoweza kulinganishwa nayo. Lakini leo naomba tuulize swali jingine, litakalobaki hata siku amani itakaporudi, na litakalotuhusu hata kama mwenyeji angekuwa Kinshasa au Lubumbashi. Nani hulipa mashindano haya, na nani hubaki na faida?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Katika miji mingi iliyotia fedha za umma katika mbio za magari, faida iliyotangazwa ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoonekana, gharama iliyofichwa ilikuwa kubwa kuliko ile iliyotangazwa, na aliyelipa tofauti hiyo ni mkaaji wa kawaida, ambaye hakuulizwa.

Tuanze na namna biashara yenyewe inavyoendeshwa. Haki za kibiashara za Formula 1 zimo mikononi mwa kampuni ya Marekani, Liberty Media, tangu mwaka 2017. Mji unaotaka shindano hulipa ada ya uenyeji kila mwaka, na mara nyingi kiasi chake huwa siri ndani ya mkataba. Fedha za televisheni huenda kwa mwenye haki. Matangazo makubwa yanayoonekana kando ya njia, kwa kawaida, huenda kwake pia. Mwenyeji hubakiwa hasa na mauzo ya tiketi. Tena, ikiwa mbio hufanyika katika barabara za mji, kila mwaka hapana budi kusimamisha upya vizuizi vya saruji, nyavu za usalama, majukwaa ya watazamaji na madaraja ya waenda kwa miguu, kisha kuvibomoa vyote baada ya siku tatu. Hebu fikirini mtu anayekodi nyumba yake kwa ajili ya arusi ya jirani: yeye ndiye anayemlipa jirani ili aje, yeye ndiye anayejenga kibanda, na zawadi zote jirani huondoka nazo. Yeye hubaki na fagio.

Twende Valencia, mji wa bandari nchini Hispania. Mwaka 2007, Francisco Camps, kiongozi wa serikali ya jimbo hilo, aliwaahidi wakaaji kwamba Formula 1 haitawagharimu hata euro moja. Kampuni ya watu binafsi ndiyo ingebeba mzigo wote. Bernie Ecclestone, aliyekuwa bwana mkubwa wa Formula 1 wakati huo, alitangaza hadharani kwamba mkataba ungetegemea ushindi wa Camps katika uchaguzi. Camps akashinda. Njia ya kilomita zaidi ya 5 ikatengenezwa kuzunguka bandari, na daraja la kuzunguka likajengwa juu ya maji. Agosti 2008 magari yakanguruma kwa mara ya kwanza, na dunia nzima ikaona bahari, merikebu za matajiri na jua la Valencia.

Ahadi ile ilidumu muda gani? Njia yenyewe ililipwa kwa fedha za umma, karibu euro milioni 90. Kampuni ya watu binafsi ikashindwa kujiendesha, na serikali ya jimbo ikainunua kwa euro moja, pamoja na madeni yake yaliyozidi milioni 30. Tazameni vizuri hapo: faida ilipotarajiwa, biashara ilikuwa ya watu binafsi; hasara ilipofika, ikawa mali ya wote. Mkataba ulikuwa wa miaka saba, lakini mbio zilifanyika mara tano tu. Za mwisho zilikuwa za Juni 2012.

Februari ya mwaka huo huo, wanafunzi wa shule za sekondari za Valencia waliingia barabarani. Jimbo lilikuwa limepunguza fedha za elimu kiasi kwamba kulikuwa na shule zilizokosa mafuta ya kupasha moto madarasa wakati wa baridi, na picha za wanafunzi waliojifunika blanketi zikaenea nchini kote. Wenye maduka ya dawa nao walilalamika kwamba serikali ya jimbo haijawalipa kwa miezi mingi. Polisi waliwapiga wanafunzi wale. Miezi minne baadaye, magari yakapita tena bandarini kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa. Sisemi kwamba mbio peke yake ndiyo iliyomaliza fedha za Valencia. Kulikuwa na msiba mkubwa wa uchumi katika Hispania yote, na kulikuwa na majengo mengine ya fahari. Nasema kwamba serikali ile ile iliyokosa fedha za kupasha moto darasa haikukosa fedha za magari. Baadaye njia ile iliachwa. Nyasi zikaota katika nyufa za lami, na maskini wasio na makao wakajenga vibanda pale magari yalipokuwa yakipita.

Mtaniambia: “Hao walikuwa viongozi wabaya. Tuonyeshe mahali penye utaratibu.” Vema. Twende Melbourne, Australia, mahali ambapo mbio zimefanyika tangu mwaka 1996 katika bustani ya umma ya Albert Park, kuzunguka ziwa. Wakaaji wengi walipinga bustani yao kufungwa na miti kukatwa. Walifunga utepe wa manjano kwenye miti na kwenye milango ya nyumba zao, na mamia walikamatwa. Serikali ya jimbo la Victoria ilitunga sheria maalumu, mwaka 1994, iliyoyaondoa mashindano hayo chini ya sheria za kawaida za mipango na mazingira. Hilo lenyewe lingetosha kutushtua: jambo jema kwa wote lina haja gani ya kukimbia sheria ya wote?

Hata hivyo nataka mtazame hesabu. Kwa shindano la mwaka 2005, uchunguzi uliolipiwa na serikali ulisema kwamba jimbo lilipata faida ya dola za Australia milioni 174.8. Mwaka 2007, Mkaguzi Mkuu wa hesabu wa Victoria, ambaye kazi yake ni kulitumikia bunge, alirudia hesabu hiyo. Alipopima upya jinsi shindano lilivyouongezea uchumi wa jimbo, alipata milioni 62.4, yaani karibu theluthi moja ya kile kilichotangazwa. Kisha akafanya jambo ambalo uchunguzi wa kwanza haukulifanya: aliweka faida upande mmoja na gharama upande wa pili, akatoa. Jibu likawa hasara ya dola milioni 6.7.

Tangu hapo pengo linalozibwa na hazina ya jimbo halikupungua. Mwaka 2012 lilikwisha kupita dola milioni 50. Mwaka 2023 lilifika karibu milioni 100. Na haya hutokea katika mji tajiri, wenye hoteli, treni na wapenzi wa magari wasio na hesabu, ambako tiketi hununuliwa kwa shangwe. Ikiwa Melbourne haiwezi kujilipia sherehe yake, mji usio na maji ya kudumu utaweza kwa ufundi gani?

Yawezekanaje hesabu mbili za wataalamu kutofautiana hivyo? Hapa naomba usikivu wenu, maana mtakutana na ujanja huu mara nyingi maishani, hata nje ya mbio za magari.

Kosa la kwanza ni kuhesabu fedha ambazo zingetumika hata hivyo. Mkaaji wa Melbourne anayenunua tiketi na chakula bustanini angetumia fedha zile zile sinemani, sokoni au mkahawani. Fedha hizo zimehama mtaa, hazikuongezeka. Mgeni wa kweli ni yule aliyekuja kwa sababu ya mbio tu, na asiyemfukuza mgeni mwingine aliyekuta hoteli zimejaa na bei zimepanda mara mbili.

Kosa la pili ni kuita mauzo faida. Tuchukue arusi katika mtaa wetu. Ukihesabu bia zilizouzwa, nyama iliyonunuliwa, mpiga picha aliyelipwa, nguo zilizoshonwa, utasema arusi ile imeutajirisha mtaa. Umesahau kwamba nusu ya fedha zile zilikopwa, na nusu nyingine ilikuwa minerval ya mdogo wake bwana arusi, ambaye sasa amefukuzwa shuleni. Muuza bia amefurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini mwulizeni yule mdogo kama arusi ilileta faida.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote: kutouliza fedha zile zingefanya nini mahali pengine. Fedha ya umma ikimwagwa popote, lazima italeta shughuli fulani. Ukilipa vijana wachimbe shimo na kulifukia, utaona mishahara, utaona mama wa mihogo akiuza zaidi kando ya shimo. Swali halikosi kuwa hili: fedha ile ile ingejenga nini kama ingepelekwa kwenye bomba la maji, kwenye barabara ya kutoka shambani hadi sokoni, kwenye chumba cha uzazi? Barabara ya shambani hutumika siku 365. Njia ya mbio hutumika siku tatu.

Wako watakaonipinga kwa mfano wa Singapore, na mfano huo unastahili jibu la heshima. Mji huo huendesha mbio za usiku katika barabara zake tangu mwaka 2008. Serikali yake hubeba karibu asilimia 60 ya gharama, na haijajuta. Lakini tazameni jinsi ilivyofanya. Kwanza, ilikuwa tayari na uwanja wa ndege wa hali ya juu, maelfu ya vyumba vya hoteli, umeme usiozimika na mji ulio safi. Mbio zilikuja kupamba nyumba iliyokwisha kujengwa. Pili, ilizitoza hoteli kodi maalumu wakati wa mbio, na hoteli zilizo kando ya njia zilitozwa zaidi kuliko nyingine. Anayevuna ndiye anayechangia mbegu. Huo ni utaratibu wa haki, nami siupingi. Ninachopinga ni kumfanya mama muuza samaki achangie mbegu, na mavuno yaende kwa mwenye hoteli na kwa kampuni ya ng’ambo.

Wengine watasema: “Wewe unahesabu sarafu tu. Je, heshima ya Afrika? Kwa nini wazungu na Waarabu wawe na sherehe, sisi tubaki na visima?” Hoja hii hunigusa, kwa kuwa nami ni Mwafrika, na sitaki bara langu liwe mahali pa kuhurumiwa tu. Maskini naye ana haki ya kucheza na kushangilia. Mwanadamu haishi kwa ugali peke yake. Lakini heshima ipi hununuliwa kwa deni? Mgeni akija kwako, ukamchinjia mbuzi uliyemkopa, watoto wako wakalala na njaa, mgeni atakusifu kwa siku moja. Jirani watakucheka mwaka mzima. Heshima ya mji huanza kwa wakaaji wake. Mgeni mwenye macho huiona kabla hajafika uwanjani.

Tena tusijifanye kwamba ugonjwa huu ni wa Wahispania, Waaustralia na Wanyarwanda peke yao. Mwaka 2023, Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie. Bajeti ya kwanza ilikuwa dola milioni 48 hivi. Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa nchi yetu ulisema baadaye kwamba gharama ilizidi milioni 300. Na mwaka 2025, miezi michache baada ya serikali yetu kuzisihi timu za mpira za Ulaya ziache fedha za utangazaji za Rwanda, serikali hiyo hiyo ilitia sahihi mikataba ya namna hiyo hiyo na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona. Ule wa Barcelona ni wa misimu minne, na vyombo vya habari viliutaja kuwa wa euro zaidi ya milioni 40. Tukimnyoshea jirani kidole, basi na kidole hicho kiwe safi. Ikiwa jezi ya Ulaya inaleta watalii, tuonyeshwe watalii hao, na barabara watakayopita.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Siwaombi mchukie magari. Mwenye kuyapenda na ayapende. Ufundi wa injinia na ujasiri wa dereva ni vitu vya kustaajabisha. Siombi pia kila sherehe ipigwe marufuku. Ninaomba daftari lifunguliwe kabla ya ngoma kupigwa. Injili inatukumbusha mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kuanza mnara wake. Na huyo alikuwa akijenga kwa fedha zake mwenyewe. Anayejenga kwa fedha za wengine inampasa kuketi muda mrefu zaidi, na kuhesabu kwa sauti, mbele ya wenye fedha.

Basi kiongozi yeyote, wa nchi, wa jimbo au wa mji, akija kwetu na habari njema ya shindano kubwa, tumwulize kwa adabu mambo manne. Mkataba uko wapi, nasi twaweza kuusoma? Hasara ikitokea, nani ameandikiwa kuibeba? Nani alihesabu faida, na ni nani aliyemlipa ahesabu? Na jambo gani litaachwa mwaka huu ili fedha hizi zipatikane? Kiongozi mwenye mpango mzuri atafurahi kujibu. Asiyekuwa nao atasema kwamba sisi hatuipendi nchi. Tumjibu kwamba kuipenda nyumba ni pamoja na kujua deni lake.

Na wewe, ndugu yangu wa chini ya mwembe, nakushukuru kwa kuyaanzisha mabishano yale. Ulitaka kazi kwa vijana. Nami nataka kitu hicho hicho. Tofauti yetu ni hii tu: wewe ulitazama magari yakipita, nami nilitazama ni nani atakayefagia njia yakiisha kupita, na kwa mshahara gani.

Kwa mazungumzo katika vikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni sherehe au jengo gani lililoahidiwa kwamba “halitagharimu kitu”? Nani alilipa mwishowe?

2. Kama parokia yetu ingepewa dola 1,000 kwa ajili ya vijana, tungezigawaje kati ya furaha ya siku moja na faida ya mwaka mzima? Kila mmoja aandike hesabu yake, kisha tulinganishe.

3. Nani kati yetu yuko tayari kusoma bajeti ya mji au ya jimbo na kuwaeleza wenzake Dominika ijayo?